SOMO: Kwenda Cascais kutoka Lisbon kwa treni na kurudi siku hiyo hiyo

Wakuu, kila kiangazi kikikaribia naulizwa jambo lile lile: Cascais tunafikaje? Nimeshajibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa. Kabla ya kuuliza, soma mpaka mwisho.

Cascais ni mji wa pwani, kama kilomita 30 magharibi mwa Lisbon. Huhitaji gari wala mtu wa kukupeleka.

1. Nenda stesheni ya Cais do Sodré. Metro ya mstari wa kijani inakufikisha. Ukitokea uwanja wa ndege, panda mstari mwekundu, badilisha Alameda.

2. Kadi. Hapa ndipo watu wanapopoteza hela, soma taratibu. Mashine inakuuzia kadi ya navegante kwa senti 50 za yuro, ya karatasi ngumu, halafu inakuuliza uiwekee nini. Chagua Zapping, yaani salio la fedha: unakatwa nauli kila unaposafiri, na inafanya kazi kwenye metro, mabasi, tramu na treni hii. Kila abiria awe na kadi yake, hata kama salio lako linatosha ukoo mzima. Kadi ikishawekewa tiketi ya safari moja, haipokei Zapping mpaka tiketi hiyo itumike. Kuna na tiketi ya saa 24, na hiyo ni ya aina zaidi ya moja: ile ya bei nafuu ni ya metro na Carris (mabasi na tramu za Lisbon) tu, treni haimo. Nimeona familia nzima imekwama getini, baba anagusisha kadi mara ya tano, taa nyekundu inawaka vile vile, watoto wameshaanza kulia. Unayoitaka ni ile iliyoandikwa CP pia, yaani shirika la treni. ONYO: ukishapita geti usitupe kadi. Wakaguzi hupita humo ndani, na Cascais kuna mageti ya kutokea.

3. Kaa upande wa kushoto. Treni inafuata mto Tagus mpaka unapomwaga baharini, na maji unayo dirishani karibu njia nzima. Ni kama dakika 40.

4. Shuka kituo cha mwisho.

5. Kuogelea. Praia da Conceição na Praia da Duquesa ziko karibu na stesheni. Praia da Rainha ni ndogo, imebanwa na miamba, na ndiyo niipendayo. Atlantiki ni baridi hata Agosti. Aliyezoea maji ya Nungwi au Bamburi atashtuka. Angalia bendera: kijani ingia, njano usiogelee, lowesha mwili pale unapokanyaga chini tu, nyekundu usiingie kabisa.

6. Boca do Inferno ni kama dakika 20 kwa miguu. Mawimbi yanapiga ndani ya pango hadi juu. Usivuke uzio kwa ajili ya picha.

7. Mkate, zeituni na jibini unavyowekewa mezani kabla ya chakula si bure. Ukigusa, utalipia. Huvitaki, sema virudishwe.

MASWALI

Mzee wa Safari: Treni inaondokea Rossio, sio?

Mleta somo: Hatua ya 1. Rossio ni ya Sintra.

Kijana wa Kisauni: Kadi moja watu watatu haiwezekani kweli? Naona unatutisha tu.

Mleta somo: Sitishi mtu. Kila mtu na kadi yake. Ni senti 50, mkuu.

Bint Lamu: Shukrani kaka. Mbona mji mdogo hivyo una majumba makubwa namna ile?

Mleta somo: Swali zuri, dada. Kuanzia 1870 Mfalme Luís I alifanya ngome ya Cidadela kuwa makazi yake ya kiangazi, na matajiri wa Lisbon wakamfuata kujenga. Taa za umeme za kwanza Ureno ziliwashwa hapo hapo ngomeni, 1878. Mfalme mwenyewe alifia humo 1889. Baada ya vita kuu ya pili akaja kuishi Cascais Umberto II, mfalme wa mwisho wa Italia. Ukipenda sanaa, ingia jumba la mchoraji Paula Rego, lile lenye minara miwili myekundu. Jumatatu usiende, linafungwa.

Bint Lamu: Na chakula halali?

Mleta somo: Cascais kula samaki, dagaa wakubwa wa kuchoma kiangazi ni watamu sana. Nyama subiri urudi Lisbon, ushuke Martim Moniz, mstari ule ule wa kijani. Migahawa ya Wabangladeshi imejaa pale.

Mwana Malindi: Naongezea: njiani kuna kituo cha Belém. Kaburi la Vasco da Gama limo kanisani kwenye monasteri ya Jerónimos. Sisi tuliokua karibu na ile nguzo yake hatuwezi kupita tu.

Mleta somo: Kweli kabisa. Ila soma ubao kwanza, baadhi ya treni hazisimami Belém.

Mama Wawili: Na ufuo wa Guincho, nje kidogo ya Cascais, panafaa kwa watoto kuogelea?

Mleta somo: Hapana. Upepo mkali, mawimbi makubwa, mkondo unavuta. Wapeleke kutazama wanaoteleza mawimbini, na kuogelea waogelee Conceição.