Kiambato Kilekile, Matokeo Tofauti: Cha Kukagua Unapobadili Muuzaji

Jina la INCI (jina la kimataifa la kiambato cha vipodozi) kwenye lebo hutaja aina ya kemikali. Halisemi dumu lina kiasi gani cha kemikali hiyo, molekuli zake ni ndefu kiasi gani, wala ilisafishwaje. Kwa hiyo, kabla hujaingiza malighafi ya muuzaji mpya kwenye fomula ya zamani, mwombe karatasi ya vipimo vya bidhaa na cheti cha uchambuzi cha bechi husika. Akikosa vyote viwili, usinunue.

Anza na kiwango amilifu, yaani asilimia ya kemikali yenyewe ndani ya malighafi. Kokamidopropili betaini, kitoa povu cha shampuu, huuzwa ikiwa imechanganywa na maji. Ya muuzaji huyu yaweza kuwa na 30% amilifu, ya yule 38%. Zidisha gramu za zamani kwa asilimia ya zamani, kisha gawanya kwa asilimia mpya. Kama ulitumia gramu 20: 20 × 30 ÷ 38 = gramu 15.8. Gramu 4.2 zilizopungua zijazie maji. Tazama pia chumvi iliyomo, maana betaini huja na chumvi yake. Ukiongeza chumvi kwa kipimo chako cha kila siku, shampuu yaweza kupita kilele cha uzito wake, yaani mnato wa juu kabisa ambao chumvi inaweza kuipa, na kila punje unayozidisha inaifanya nyepesi zaidi. Wengi hapo huilaumu betaini.

Kisha urefu wa molekuli. Dimethikoni (mafuta ya silikoni) ya sentistoki 5, kipimo cha mnato, ni nyepesi karibu kama maji. Ya 60,000 ni nzito na inanata, na zote mbili lebo inaziita dimethikoni. Hialuroneti ya sodiamu (kiambato cha kutunza unyevu wa ngozi) ya daltoni milioni 1 na zaidi, kipimo cha ukubwa wa molekuli, huifanya seramu kuwa nzito kwa 1% tu. Iliyokatwakatwa chini ya daltoni 50,000 huiacha majimaji hata ukiongeza.

Kwa setearili alkoholi, kiambato kama nta kinachoipa krimu ugumu, uliza uwiano wa setili na stearili: 30:70 na 50:50 hazitoi krimu yenye ugumu uleule. Siagi ya shea iliyosafishwa haina harufu. Ghafi inayo, na manukato hafifu hayaifichi.

Sasa jaribu gramu 100, ukibadilisha kiambato hicho kimoja tu, kwa joto na kasi ileile ya kukoroga. Baada ya saa 24 pima pH na mnato kwenye 25 °C, si mchanganyiko ukingali wa moto. Weka sampuli mpya na ya zamani pamoja kwenye 40 °C kwa wiki nne, ukikagua kila wiki kama mafuta yanajitenga, rangi inageuka au pH inashuka. Namba ya bechi iandikwe kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana.