Jinsi ya kumaliza dozi ya sainasi bila kuikatisha njiani

Dozi ya antibayotiki ya sainasi, yaani uvimbe wa matundu yaliyo ndani ya mifupa ya uso, mara nyingi hukatikia siku ya tatu au ya nne. Kichwa kimekuwa chepesi, pua imefunguka, mtu amerudi soko la samaki la Mwaloni Kirumba kwenye dagaa wake, na vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini kusubiri mafua mengine. Mimi natoa dawa dirishani hapa Mwanza, na siku hizo ndizo ninazotaka uzivuke.

1. Hakikisha dawa ni yako. Sainasi nyingi huletwa na virusi vya mafua, na antibayotiki haziui virusi. Daktari huanza kushuku bakteria dalili zikipita siku 10 bila nafuu, au ukipata nafuu kisha ukazidiwa tena, au ukiwa na homa kali, usaha puani na maumivu ya uso. Kwa hiyo usiende dukani kusema "nipe rangi mbili", yaani vile vidonge vya antibayotiki vyenye rangi mbili. Pima kwanza, na utaje mapema kama una mzio wa penisilini, una ujauzito au unatumia dawa nyingine.

2. Hesabu vidonge kabla hujaondoka dirishani. Bahasha ikiandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku 7, vinatakiwa viwe 21. Ikiwa 1x2, ni 14. Kama hela haitoshi, sema hapo hapo, tafadhali, wala usione aibu. Mara nyingi ipo dawa hiyo hiyo ya kiwanda kingine kwa bei ya chini. Kinachoniumiza ni mtu kununua nusu dozi kimyakimya akisema nyingine atazifuata kesho.

3. Panga saa kufuata kazi yako. Hapa ndipo wengi wanapokwama. 1x3 maana yake ni takriban kila baada ya saa 8, kwa hiyo "asubuhi, mchana, jioni" huacha usiku mrefu bila dawa. Anayelala usiku anaweza kumeza saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani na taa hawezi kufuata ratiba hiyo. Yeye ameze saa 3 asubuhi akishatua samaki, saa 11 jioni kabla ya kuingia mtumbwini, na saa 7 usiku huko huko majini. Kidonge cha usiku akifunge kwenye kikopo chenye mfuniko unaobana, pamoja na chupa ya maji safi ya kunywa na chakula kidogo. Vingine vibaki nyumbani, maana wimbi moja linaweza kulowesha dozi nzima. Weka kengele ya simu, au mwambie mwenzako wa mtumbwini akukumbushe.

4. Meza na chakula kinachofaa. Amoksilini yenye klavulaneti imeze unapoanza kula, tumbo litasumbuka kidogo tu. Doksisaiklini inataka glasi nzima ya maji, usilale kwa nusu saa, usichanganye na maziwa, na ujikinge na jua, kwa sababu ngozi huungua upesi.

5. Ukisahau, meza mara ukikumbuka. Kama saa ya kidonge kinachofuata imekaribia, ruka kile ulichosahau. Usimeze viwili kwa pamoja.

6. Siku ya tatu, jikague. Umepata nafuu? Endelea. Nafuu huja kabla bakteria wote hawajaisha. Siku hizi watu wazima wengi huandikiwa siku 5 hadi 7 tu, lakini kupunguza siku ni kazi ya aliyekuandikia, muulize yeye. Kama hakuna nafuu yoyote, rudi kituoni. Midomo ikivimba, vipele vikitokea au pumzi ikibana, acha dawa na uende hospitali mara moja. Nenda hivyo hivyo jicho likivimba, ukiona vitu viwili viwili, au shingo ikikakamaa.

7. Saidia pua. Kuisafisha kwa maji ya chumvi huleta nafuu, ila maji yawe yamechemshwa na kupoa. Maji ya ziwa usiyaingize puani kabisa, hata yakionekana maangavu.

Ukimaliza dozi na uso bado ni mzito, rudi kwa daktari na bahasha au boksi tupu, aone jina la dawa na nguvu yake kabla ya kukuandikia nyingine.