Kuchukua sampo za dhahabu ya mchangani bila zebaki na bila kuacha mashimo

Mwongozo huu unahusu dhahabu ya mchangani, ile iliyosombwa na maji kutoka kwenye miamba, kama inayopatikana Chunya, Tanzania. Mashimo mengi yaliyoachwa wazi porini ni ya watu waliochimba kwanza na kupima baadaye. Sampo, yaani kiasi kidogo cha changarawe cha kupimia kama dhahabu ipo, huchukuliwa kabla ya kuchimba.

1. Eneo

Kwa Tanzania, leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini kwa raia tu. Ndani ya msitu wa hifadhi, leseni peke yake haitoshi: tafuta kibali cha maandishi cha wanaousimamia. Kisha pima mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mashimo yote yawe nje ya hapo. Changarawe za mkondo wa zamani, uliokwisha kuhama, zinafaa sana kwa sampo.

2. Shimo

Mita moja kwa mita moja inatosha. Udongo wa juu weka upande wake juu ya turubai, changarawe upande mwingine. Jaza ndoo moja ya lita 20 kwa kila tabaka, wala usichanganye tabaka.

Dhahabu ina uzito mara 19 wa maji, mchanga wa kawaida mara 2.6 tu, kwa hiyo hushuka mpaka kwenye mwamba. Ukiishia katikati ukakosa, hujathibitisha chochote. Fika chini, ukwangue nyufa za mwamba kwa kisu. Kina kikizidi mita 1.5 kwenye changarawe legevu, usiingie mpaka uweke matimba (magogo ya kushikilia kuta) au upanue mdomo wa shimo. Kuta hizo huporomoka ghafla.

3. Kuosha

Karai jipya lina mafuta, nayo hufanya vumbi la dhahabu lielee na kuondoka na maji. Lichome motoni, kisha lisugue kwa mchanga na sabuni.

Oshea kwenye beseni kubwa, kamwe si mtoni. Vunja mabonge ya mfinyanzi kwa vidole mpaka yayeyuke yote, maana bonge zima hutoka na dhahabu yake. Chekecha kwa tundu za milimita 5, lakini angalia mawe yaliyobaki kabla ya kuyatupa. Zamisha karai, litikise kushoto na kulia kwa nusu dakika likiwa limelala sawa, ndipo uliinamishe kidogo mchanga mwepesi utoke. Lilaze tena, tikisa tena. Wengi hupoteza dhahabu kwa kuinamisha mapema, kabla haijashuka.

Ukibakiwa na kijiko cha mchanga mweusi, hesabu punje za dhahabu na uandike namba ya shimo na tabaka. Halafu osha tena mabaki yaliyo kwenye beseni. Ukikuta dhahabu humo, hesabu ya kwanza haifai.

Maji machafu yamwage kwenye shimo la kutulizia tope, uyateke tena yakitulia. Tope likifika mtoni hufunika mayai ya samaki na kuwaharibia maji wanaoyanywa huko chini.

4. Kutoa dhahabu

Kausha mchanga mweusi, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye nailoni ili kutoa chuma, rudia mara kadhaa, kwa kuwa chuma hunasa punje.

Zebaki, ambayo wengi huitumia kunasia dhahabu, iache kabisa. Mvuke wake hauna harufu, unaingia mapafuni bila wewe kujua, na ikifika majini hujilimbikiza kwenye samaki. Tumia boraksi, unga mweupe wa chumvichumvi: uzito sawa na makinikia (mchanga mzito uliobaki na dhahabu yake), hadi mara tatu yake, ndani ya chungu cha kuyeyushia, juu ya mkaa wenye kipulizio. Boraksi huyafanya madini mengine yayeyuke mapema na kuwa kioo, dhahabu ikakaa chini yake. Ikishindikana, ama moto haujafika nyuzi 1,064 za Selsiasi ambazo dhahabu huyeyukia, ama makinikia bado yana mchanga mwingi. Rudi kwenye karai.

Marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu) ya zamani yenye zebaki usiyapeleke kwenye sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu. Sianidi huyeyusha zebaki na kuisambaza mbali zaidi.

5. Kufukia

Fukia siku hiyo hiyo: mawe kwanza, changarawe, mwisho udongo wa juu. Shindilia kila tabaka, acha tuta la sentimita 15 kwa sababu udongo utashuka, rudisha na nyasi. Shimo wazi huangukiwa na watoto na ng'ombe, na mvua zikianza huzalisha mbu.

Mashimo yasiyo na kitu nayo yaandike kwenye daftari na kwenye ramani, yeyote atakayefuata asiyafukue tena.