Jinsi ya kuandika riwaya ya Kikristo ya mikondo miwili: Mwanza, 1996 na 2018

Anza na deni, miaka itafuata. Riwaya ya msamaha husimama juu ya kosa linalotajika kwa sentensi moja. "Familia iliumizwa" haiandikiki. Hili linaandikika: kaka alimpa mdogo wake tiketi yake ya daraja la tatu ili yeye abaki Bukoba kwa mchumba, na meli ilipozama akawaambia wazazi kwamba hakumwona bandarini.

Meli ni MV Bukoba, iliyozama asubuhi ya 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Daraja la kwanza na la pili lilikuwa na orodha ya abiria. La tatu halikuwa nayo. Pengo hilo ndilo linaloubeba uongo wa kaka: jina halipo, mwili haukuonekana, mama anaendelea kungoja.

Mkondo wa sasa uweke Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Redio ikitangaza tu, kidonda kinatoneshwa chenyewe. Kati ya ajali hizo ni miaka 22. Sasa mhesabie Yusufu: ana miaka 17 simulizi yake inapoanza (Mwanzo 37:2), 30 mbele ya Farao (41:46), kisha saba ya shibe na miwili ya njaa (45:6) ndipo anajitambulisha kwa nduguze. Ni 22 vilevile. Usiitangaze hesabu hiyo kitabuni. Anayesoma Biblia yake ataiona.

Kwa maneno 60,000, panga sura 40 za maneno 1,500: za sasa 24, za zamani 16. Ukigawa nusu kwa nusu, zamani itaimeza sasa, maana kifo kiko huko, na msomaji ataanza kuruka kurasa. Andika kila mkondo peke yake hadi mwisho; ukipokezanisha tangu mwanzo utasimulia jambo moja mara mbili. Kisha kata manila za rangi mbili, kila sura kipande chake, uzitandaze sakafuni. Sura ya zamani ikae pale mtu wa sasa alipouliza swali, na ijibu nusu tu. Siri itoke kwenye sura ya 30 hivi. Ikitoka ya 38, msamaha unabanwa kwenye kurasa za mwisho, na huo ndio kitabu chenyewe.

Hapo ndipo wengi huharibu: mahubiri, machozi, "nimekusamehe", kwisha. Yusufu alijificha akalia mara mbili (42:24, 43:30) na akawajaribu nduguze kabla ya kujitaja. Mama wa riwaya yako naye mpe muda. Kwanza aamue kusamehe, kisha hasira imrudie, pengine akimwona mwanawe huyo na wajukuu, mwishoni atende kitu, hata kama ni kumpakulia chakula bila kuketi naye. Katika kungoja kwake mpe Zaburi 88, inayoishia gizani kweli. Ukimkimbizia Zaburi 34:18, "Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo", mapema, utasikika kama mgeni wa msibani anayetaka kuondoka.

Dhehebu nalo ni sehemu ya mtego. Kaka akiwa Mkatoliki ataungama kitubioni, padri hatatoa neno, na siri itaendelea kuishi. Akiwa Mlokole atasimama kutoa ushuhuda, na Jumapili hiyohiyo itamfikia mama kupitia kwa jirani. Chagua kabla ya sura ya kwanza.

Vitu vidogo huumbua. Mwaka 1996 habari zilikuja kwa Redio Tanzania na simu za mezani, na magugu maji yalikuwa yametanda ziwani. Mwaka 2018 daraja la Kigongo–Busisi halipo. Wahusika wavuke kwa kivuko. Makaburi ya waliokufa MV Bukoba yako Igoma: nenda kaangalie kabla ya kuyaeleza. Nahodha na abiria wa kweli usiwataje, wala usiwabunie maneno. Wafiwa wao wapo, na baadhi watakisoma.