Jinsi ya kuvusha steji ya boda msimu wa kampeni

Mimi ni mwenyekiti wa steji Walukuba, Jinja, Uganda. Kampeni ya 2011 niliivuruga mwenyewe. Mpambe wa mgombea mmoja aliniletea pesa ya mafuta usiku, nikaipokea peke yangu, nikagawia niliowapenda. Kulipokucha steji ilikuwa na pande mbili. Wiki ya mwisho akarudi, na safari hii hakuhitaji msafara. Alitaka vijana kumi wa kuwatimua wafuasi wa mwenzake sokoni. Ningemkatalia vipi, na orodha ya majina na simu nilikuwa nimempa mimi?

Basi anza na orodha. Asiondoke nayo mtu, hata akisema ni ya PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi. Ile ni pesa ya serikali: hupitia sako (chama cha akiba na mikopo) ya parishi, shilingi milioni 1 kwa kaya. Haikai mfukoni mwa mgombea, na anayesema mtaikosa msipompa kura anawatisha tu.

Kuhusu mafuta, sheria humkamata mtoa hongo na mpokeaji pia. Ila nisijifanye shehe, vijana wana njaa na misafara itakuja. Mkikodiwa, hiyo iwe kazi kama kazi nyingine: bei ipatanwe mchana mbele ya wote, kila mtu alipwe mkononi kabla ya kuwasha pikipiki. Msikubali "mtamaliziwa kesho". Anayekudai na unayemdai, wote wana kamba shingoni mwako. Tisheti za chama zibaki nyumbani.

Halafu wekeni ishara ya kutawanyika. Novemba 2020 Bobi Wine, mgombea urais wa upinzani, alikamatwa Luuka, akaletwa kituo cha polisi cha Nalufenya, hapa hapa kwetu. Kwa siku mbili nchi iliwaka, watu wasiopungua 54 wakafa, wakiwemo wapita njia. Sisi ishara yetu ni kubipu mara mbili: shusha abiria pahali salama, pita njia za ndani, nenda kwako. Msitegemee WhatsApp. Januari 2021 intaneti ilizimwa mkesha wa kura.

Siku ya kura, vituo hufungwa saa kumi jioni na hesabu hufanyika pale pale, hadharani. Nendeni kwa miguu. Pikipiki mbili zibaki na mafuta kwa ajili ya wajawazito na wagonjwa. Funguo za nyingine sikai nazo mimi, nilishajijua. Ziko kwenye kopo la Blue Band kwa mama anayetupikia rolex, chapati ya mayai, na hakuna mpambe aliyewahi kufikiria kumtafuta yeye.