Harmonika ya bluzi na jazi, kutoka zero hadi uitwe kwa shoo

Kuna kijana wa ploti yetu hapa Umoja amenisumbua mwezi mzima, anataka apige na bendi yoyote itakayomuita, leo bluzi kesho jazi. Nimechoka kurudia, nimeandika.

1. Nunua ya matundu 10, kii ya C. Zile za plastiki waachie watoto.

2. Toa noti moja safi, tundu moja moja.

3. Kupinda noti, yaani kuishusha kwa mdomo na ulimi. Hapa ndo watu huacha. Ukivuta pumzi kwenye tundu la 2 likalia kama ng'ombe mgonjwa, harmonika ni nzima, shida ni mdomo wako. Mimi yangu ya kwanza niliirudisha dukani nikamgombeza muuzaji, akaivuta yeye ikalia poa kabisa, nikatoka hapo bila hata kuaga. Anza na tundu la 4, hilo linashuka nusu noti tu. Vuta polepole mdomo ukiwa kama unasema "ii" halafu ulimi urudi nyuma kama unasema "uu", na usivute kwa nguvu tafadhali, nguvu inaharibu vile vilimi vya shaba na haipindi chochote. Halafu nenda la 2. La 3 weka mwisho, limeficha noti tatu, B flati (flati ni nusu noti chini), A na A flati, na kuzigonga bila kuteleza ni miezi, tumia ile programu ya simu ya kupimia noti, sikio lako bado linakudanganya.

4. Bendi ikisema wimbo uko kii ya G, wewe shika harmonika ya C. Hesabu noti nne kuanzia kii ya bendi: G, A, B, C. Wapiga gita wa bluzi hupenda E, so tafuta harmonika ya A haraka. Ila ukihesabu kutoka F unaangukia B flati, si B, hiyo imeniaibisha jukwaani.

5. Jazi: nunua kromatiki, ile harmonika ya kitufe inayotoa noti zote. Msikilize Toots Thielemans, yule Mbelgiji. Najua mpigaji Howard Levy anatoa noti zote kwa ya matundu 10, lakini wewe si Howard Levy.

6. Maiki ifunike na harmonika ndani ya viganja, mpigaji wa bluzi Little Walter alifanya hivyo Chicago miaka ya 50, na usisimame mbele ya spika, itapiga mluzi.

Na kromatiki usiipige ikiwa baridi, vali, vile vifuniko vidogo vya ndani, zinashika unyevu zinanata. Julai hii yangu nashinda nayo ndani ya koti, nikiitwa jukwaani iko na joto tayari.