Ndiyo kwanza umetoka chuo, umepangiwa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi): uanzie wapi?

Mdogo wangu mmoja aliyemaliza mafunzo tarajali ya uuguzi juzi alinipigia: "Dada, wamenipanga ICU. Nikatae?" Nikamuuliza, "Usiku mnaingia wangapi?" Hakujua.

Hilo liulize kabla ya mshahara, kabla ya nyumba. ICU haina ubaya kwa mgeni. Ubaya ni kuachwa humo peke yako. Zamu ikiwa na wauguzi wawili kwa wagonjwa wanne, na mmoja wao ni mkongwe, nenda. Omba miezi mitatu ya kufuatana naye kitanda kwa kitanda, na uombe kwa maandishi. Ukijibiwa "utazoea tu", omba uanzie wodi ya magonjwa ya ndani hata mwaka mmoja. Wodini ndiko jicho linakomaa: mgonjwa aliyekuomba chai asubuhi, mchana anakutazama tu hajibu, anapumua mara 30 kwa dakika. Huyo hana monita. Ni wewe umwone.

Mimi sikuuliza. Nilikuwa na wiki mbili kazini nikaingizwa ICU, na usiku wa nne ventileta, mashine ya kumpumulia mgonjwa, ikaanza kulia. Nikazima mlio, nikaanza kukagua nyaya. Oksijeni kwenye monita ikashuka hadi asilimia 78, mimi bado nahangaika na nyaya! Sista inchaji alipofika hakuigusa mashine. Alimchomoa mgonjwa kwenye ventileta, akampa pumzi kwa ambu (mfuko wa hewa unaobonyezwa kwa mkono), akahisi ambu ni ngumu kubonyea. "Sakshen," akasema, yaani mashine ya kunyonya makohozi. Kohozi zito lilikuwa limeziba mpira wa kupitishia hewa kooni. Dakika chache baadaye monita ikasoma 96.

Asubuhi hakunigombeza, ingawa nilijiandaa. Alichana kikaratasi akaandika mambo manne: mpira umetoka mahali pake? Umeziba? Hewa imevujia kifuani nje ya pafu? Mashine au oksijeni ina hitilafu? Ventileta ikilia, mtazame mgonjwa, kisha pitia hayo manne kwa mpangilio huo.

Basi ukiingia zamu, usikimbilie faili. Bonyeza ambu uone inafanya kazi, na iwe pale pale kitandani. Jaribu sakshen kama inavuta. Soma geji ya oksijeni. Angalia kama milio ya tahadhari imezimwa (kuna watu huizima wapate utulivu, halafu wanasahau). Ripoti ipokee mkiwa mmesimama kwa mgonjwa, si mezani, na kila mrija ufuate kwa kidole kuanzia kwenye chupa hadi unapoingia mwilini. Utajiona mshamba. Endelea tu.

Hesabu ndizo huwatoa wageni jasho, kwa hiyo zifanye nyumbani. Noradrenalini (dawa ya kupandisha presha) miligramu 4 ndani ya mililita 50 ni mikrogramu 80 kwa kila mililita. Mgonjwa wa kilo 60 akiandikiwa mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika, anahitaji 6 kwa dakika, yaani 360 kwa saa. Gawa kwa 80: pampu inawekwa mililita 4.5 kwa saa. Hata ukiwa na uhakika, mwite mwenzako naye apige hesabu yake bila kuona yako. Na kloridi ya potasiamu haisukumwi kwa sindano moja kwa moja kwenye mshipa, hata akuamuru nani.

Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, kumsafisha kinywa, kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30, hayo ulifundishwa chuoni. Usiyaone ya kitoto.

Ndugu waliokaa mlangoni na chupa ya uji watakuuliza, "Nesi, anaendeleaje?" Usiseme "anaendelea vizuri" ili tu waondoke. Waeleze ulichokiona, kisha wapeleke kwa daktari.

Mdogo wangu alirudi kuuliza. Usiku wanaingia watatu, wawili wazoefu. Anaanza Jumatatu, na nimemwambia anunue kikokotoo kidogo, maana kwao simu zinaachwa mlangoni.